Umbo Kwanza: Kuchora Mitaa ya Eastlands kwenye Kompyuta

Anayeanza kuchora jiji kwenye kompyuta hukimbilia brashi nyembamba. Huchora dirisha, akaingia kwenye grili ya dirisha, akaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na saa mbili baadaye ana ukuta mmoja uliosheheni vitu huku anga, barabara na ghorofa ya mkabala havijaguswa. Wanaonijia kujifunza huwaambia waiweke brashi kando kwanza. Zoezi la mwanzo, hasa kwa anayetaka kuchora mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, hufanywa kwa zana mbili tu: ile ya kuteua eneo na ile ya maumbo.

Zana hizi ni za zamani. MacPaint, programu ya kuchorea iliyotolewa na Apple mwaka 1984, tayari ilikuwa na laso na mstatili wa kuteulia. Leo utazikuta Photoshop, utazikuta Krita na GIMP ambazo ni za bure, na hata kwenye ibisPaint ya simu. Laso hufuata mkono wako unavyokwenda. Laso ya pembe huunganisha kwa mistari iliyonyooka nukta unazobonyeza. Ukishalizungushia eneo, rangi haitoki nje yake hata ukipaka kwa fujo. Mafundi wanaopuliza rangi matatu wanaijua kazi hii: hubandika karatasi na selotepu pasipotakiwa kuguswa, hupuliza bila woga, na wakibandua wanakuta ukingo umekatika sawasawa.

Ila unadhifu huo ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba zana hizi zinakulazimisha kuamua. Mstari wa brashi unaweza kusitasita, ukarudiwa mara nne na bado usiseme ukuta unaishia wapi. Eneo lililoteuliwa lina ndani na nje, basi. Kabla ya kumwaga rangi lazima ujue kama umbo hilo ni la upande wa jua au wa kivuli.

Kwa hiyo anza na toni tatu: anga, jua, kivuli. Kivuli cha ghorofa, kivuli chake kilicholala barabarani, na kibanda kilichosimama ndani ya kivuli hicho, vyote viteue pamoja viwe umbo moja. Hapa wengi hugoma, kwa sababu akili inasema hivyo ni vitu vitatu. Lakini jicho lililofinywa kidogo linaona kitu kimoja cheusi. Picha ikisomeka kwa toni tatu hizo, hata ikiwa ndogo kama stempu, utakachoongeza baadaye kitapata pa kushikia. Isiposomeka, grili za madirisha hazitaiokoa.

Jua lenyewe lina ratiba ya kujifunza. Nairobi iko takriban nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri husimama utosini: mwanga huzitelezea kuta bila kuzimulika, na kinachong'aa ni mabati, lami na mabega ya watu. Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini. Desemba huegemea kusini. Ukuta uliouchora ukiwaka saa sita ya mwezi wa sita unaweza kuukuta kivulini mwezi wa kumi na mbili. Nayo Jogoo Road inatoka mjini kuelekea mashariki, hivyo asubuhi na mapema au jioni jua hupita kwa urefu wa barabara. Anayelitazama huona matatu zikiwa vipande vyeusi vyenye ukingo wa dhahabu. Ni saa nzuri mno kwa mchoraji wa maumbo.

Mitaa ya Eastlands inamfaa mwanafunzi kwa sababu nyingine pia: ilijengwa kwa kurudia. Kaloleni ya miaka ya 1940 ina nyumba za mawe zilizopangwa kuzunguka viwanja vya wazi. Buruburu, iliyosanifiwa na kampuni ya Mutiso Menezes International na kujengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ni nyumba za miundo inayojirudia, zikizungukia ua wa pamoja mmoja baada ya mwingine. Dandora, kwenye mradi ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtu alipewa kiwanja chenye choo na bafu, akaachiwa kujenga yaliyobaki. Mpango ulikuwa mmoja na nakala nyingi. Kisha wenyeji wakaja na mafundi wao. Uani pakaongezwa vyumba, sebule ikatobolewa ikawa duka, na juu ya nyumba ya chini kikapanda chumba cha mabati.

Mimi huchora kwa kufuata historia hiyo. Leya ya kwanza, yaani tabaka la chini la mchoro, ni ya msanifu. Chora uso wa jengo ukiwa umeutazama ana kwa ana: mstatili wa ukuta, mstatili wa dirisha, halafu nakili dirisha hilo mpaka ghorofa zote zijae. Kisha lipeleke jengo kwenye kina cha mtaa kwa zana ya kugeuza umbo, na hapa uwe makini. Ukilivuta kwa kuinamisha tu, madirisha yatabaki na nafasi sawa, jengo lionekane ubao uliopinda. Chagua ugeuzaji wa kimtazamo, ambao hubana madirisha kadiri yanavyokwenda mbali, na uhakikishe kingo za juu na chini zikirefushwa zinakutana kwenye mstari wa upeo wa macho yako.

Leya ya pili ni ya wenyeji, na hii haina kunakili. Shika laso ya mkono. Kila roshani ina mambo yake: godoro linalopigwa jua, mtungi wa gesi, pazia, dishi, sukumawiki kwenye magunia. Nimeona kazi nyingi za ustadi zikifa kwa sababu roshani ishirini zilitoka kwenye nakala moja. Hapo mchoraji ameishia kwa msanifu, waliohamia hawamo.

Rangi nazo zinataka haki. Kuna mazoea ya kuipaka Eastlands yote kahawia, kama kwamba ni vumbi na kutu tu, nami naona ni uvivu wa macho. Kivulini, jiwe la kijivu hupokea buluu ya anga. Duka lililopakwa rangi kali ya tangazo hurusha rangi hiyo kwenye ukuta wa jirani na hata kwenye shavu la muuzaji. Teua eneo la kivuli, pitisha brashi pana yenye rangi hiyo iliyorushwa, na ukuta utapumua.

Hatari ya zana hizi ni kwamba kila kitu huonekana kimekatwa kwa mkasi. Dawa yake ni kuchagua mahali pa ukali. Panapokutana jua na kivuli karibu nawe, acha ukingo mkali. Kwa majengo ya mbali, yaliyofunikwa na vumbi na moshi, lainisha ukingo wa eneo uliloteua kwa pikseli kadhaa kabla ya kumwaga rangi, na usogeze toni zake zikaribiane na anga. Ndani ya kivuli kikubwa, acha kingo nyingine zipotee kabisa.

Nyaya za stima ziache mwisho. Zichore kwa zana ya mstari mpindo, nyembamba zaidi kadiri zinavyokwenda mbali, kila waya ukining'inia kidogo katikati ya nguzo mbili. Mbele ya anga ziwe nyeusi. Zikipita mbele ya ukuta wa kivuli zitapotea, na usihangaike kuzifuatilia. Zifute hapo, uzianze tena zinapotokea kwenye mwanga.