Viza ya kazi kwa mafundi wa Tanzania

Viza ya kazi ni ruhusa inayotolewa na nchi fulani kwa mgeni ili aingie humo na kufanya kazi ya malipo. Kwa mafundi wa Tanzania, kama vile wachomeleaji, wafunga nondo, mafundi umeme, mafundi bomba na maseremala, masharti hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Hata hivyo, karibu kila mahali mambo mawili hutakiwa: mwajiri aliyekubali kumwajiri mwombaji, na ushahidi wa ufundi wake. Viza ya matembezi au ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi.

Viza na kibali

Viza humruhusu mtu kuingia nchini. Kibali cha kazi humruhusu kuajiriwa. Baadhi ya nchi huviunganisha, nyingine huvitoa kila kimoja na ofisi yake. Tanzania yenyewe hufanya hivyo kwa wageni: chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mgeni huhitaji kibali cha kazi pamoja na kibali cha ukaazi. Kibali mara nyingi hufungwa kwa mwajiri mmoja na kazi moja, hivyo anayebadilisha mwajiri hulazimika kuomba upya.

Mfano wa Busisi

Busisi iko katika Wilaya ya Sengerema, Mkoa wa Mwanza, kwenye ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza katika Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa kivuko chake cha kwenda Kigongo, wilayani Misungwi. Ujenzi wa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, ulianza mwaka 2020 chini ya makampuni ya China, nalo lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025.

Mradi wa namna hiyo huhitaji wafunga nondo, wachomeleaji, mafundi umeme na waendesha mitambo. Ukikamilika, ajira zake huisha, na fundi hubaki na ujuzi unaotafutwa nchi nyingine pia. Tatizo ni kwamba fundi aliyejifunzia kazini anaweza kukosa karatasi inayoonyesha alichofanya. Kwa sababu hiyo barua ya mwajiri yenye aina ya kazi, tarehe za kuanza na kumaliza, na mhuri ni hati ya thamani. Ni rahisi kuipata kabla mkandarasi hajafunga ofisi zake.

Ushahidi wa ufundi

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa vyeti vya ngazi ya I hadi III. Aliyejifunza nje ya chuo anaweza kupimwa katika mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi, akapewa cheti kwa kile anachokijua tayari. Hati nyingine zinazohitajika mara nyingi ni pasipoti, cheti cha tabia njema kutoka Jeshi la Polisi na cheti cha afya.

Njia kuu

Afrika Mashariki: Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kila nchi mwanachama iliorodhesha aina za kazi inazozifungua kwa raia wa nchi nyingine za Jumuiya, kwa hiyo si kila ufundi umo katika kila orodha. Mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 huomba kibali cha kazi. Kwa muda mfupi zaidi hutolewa pasi maalumu.

Nchi za Kiarabu: Mwajiri ndiye mdhamini wa viza, kwa utaratibu uitwao kafala. Qatar mwaka 2020 na Oman mwaka 2021 ziliondoa sharti la kupata idhini ya mwajiri wa kwanza kabla ya kuhamia kwa mwingine, ingawa Oman iliendelea kudai mkataba uwe umekwisha au kuvunjwa kisheria.

Ujerumani: Tangu tarehe 1 Juni 2024 kuna kadi ya fursa, yaani Chancenkarte, inayomruhusu mtu kuingia kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Mwombaji awe na mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yake, ajue Kijerumani au Kiingereza kwa kiwango kilichowekwa, na awe na fedha za kujikimu. Kozi fupi haitoshi.

Kanada: Mpango wa mafundi wa serikali kuu, ulioanza mwaka 2013, haudai elimu ya darasani. Unadai uzoefu wa miaka miwili ndani ya miaka mitano iliyopita, mtihani wa lugha, na ahadi ya ajira ya angalau mwaka mmoja au cheti cha ufundi cha jimbo la Kanada.

Uingereza: Mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wageni. Tangu tarehe 22 Julai 2025 viza hiyo hulenga kazi za ngazi ya shahada. Kazi za ufundi hukubaliwa tu zikiwa katika orodha maalumu.

Mawakala na utapeli

Nchini Tanzania wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni ya serikali, kwa mujibu wa sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999. Mkataba wa 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi ada, isipokuwa pale nchi iliporuhusu kwa sababu maalumu.

Dalili za hatari ni wakala anayetaka fedha kabla ya kuonyesha mkataba, anayeahidi kibadilisho cha viza ya matembezi baada ya kufika, au anayetaka kushika pasipoti. Anayefanya kazi kwa viza isiyo ya kazi anaweza kufukuzwa nchini, na akidhulumiwa mshahara huogopa kushtaki. Kuwarubuni watu kwa ahadi za uongo ili wanyonywe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara. Yaliyo rasmi ni yale ya ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi husika.