Kinjeketile na Lugha ya Tamthilia ya Kihistoria: Mtazamo kutoka Tarime na Serengeti

Opera, kwa maana yake ya msingi, ni tamthilia ambayo maneno yake huimbwa. Huko Ulaya na Marekani utanzu huu umetumika kwa muda mrefu kuisimulia historia, na hata leo haujaacha kazi hiyo: *Nixon in China* ya John Adams, inayohusu ziara ya Rais wa Marekani nchini China mwaka 1972, iliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Houston mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa katika televisheni ya Marekani. Tukio lilikuwa na umri wa miaka 15 tu lilipogeuzwa kuwa wimbo.

Mtu anayeutafuta utanzu huo Afrika Mashariki atakutana kwanza na Uganda. Byron Kawadwa alitunga *Oluyimba lwa Wankoko*, mchezo wa nyimbo kwa Kiganda, ambao uliutumia utawala wa kuku na majogoo kusemea mgogoro wa Buganda wa miaka ya 1960. Ulipelekwa Lagos katika tamasha la FESTAC mwaka 1977, na mwaka huohuo Kawadwa alikamatwa na kuuawa na watu wa serikali ya Idi Amin. Yafaa jambo hilo likumbukwe kila inapodaiwa kwamba maigizo ya historia ni burudani ya wasomi.

Tanzania haikupata opera ya namna hiyo. Ilichopata ni *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochezwa na kuchapishwa mwaka 1969. Mwandishi alizaliwa Kilwa mwaka 1943, jirani na mahali vita vya Maji Maji vilipoanzia, naye alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam wakati idara ya sanaa za maonyesho ilipokuwa changa. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo hicho walikuwa wamekusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo, katika mradi ulioongozwa na wanahistoria akina Gilbert Gwassa na John Iliffe. Tamthilia na utafiti vilizaliwa nyumba moja. Hata hivyo, Hussein aliweka mpaka ulio wazi: katika utangulizi wa tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1970 alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si yule mtu wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905.

Wahakiki wamejadili sana utata wa mhusika huyu: nabii anayetambua kwamba maji aliyoyatoa yanaweza kuwa uongo, lakini anayekataa kuyakana mbele ya adui kwa kuwa neno limekwisha kuzaliwa na litarithiwa. Jambo lisilojadiliwa kiasi cha kutosha ni lugha anayoisema. Watu wa kusini waliopigana mwaka 1905 walikuwa Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wangoni na wengineo, kila kundi na lugha yake. Jukwaani wote wanasema Kiswahili, na wanasikilizana tangu onyesho la kwanza. Mwandishi alikuwa na sababu njema. Tamthilia nzima inauliza jinsi makabila yanayoshukiana yanavyoweza kuungana, na kwa hadhira ya mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Kiswahili kilikuwa jibu lililokwisha kutolewa. Isitoshe, jina la vita lenyewe ni la Kiswahili. Pamoja na hayo, gharama ipo. Ule mwujiza wa watu wa ndimi mbalimbali kuelewana, ambao kihistoria ndio uliowashangaza Wajerumani, hauonekani tena jukwaani kwa kuwa umetangulizwa na lugha yenyewe ya mchezo.

Kuhusu televisheni maneno ni machache. Zanzibar ilikuwa na kituo tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa nacho hadi mwaka 1994, ilipoanza ITV pamoja na vituo vingine vya watu binafsi. Televisheni ya taifa ilifuata baadaye. Kwa hiyo *Kinjeketile* iliishi miaka 25 bila kioo kwa upande wa Bara. Darasa ndilo lililoieneza, kwa kuwa iliwekwa miongoni mwa vitabu vya fasihi vya sekondari, Tanzania na Kenya. Michezo ya runinga ilipokuja, vikundi kama Kaole vilichagua mambo ya ndoa, uchawi na fedha za mjini. Uchaguzi huo hauhitaji kulaumiwa. Sebule ya Dar es Salaam ni rahisi kupigia picha kuliko jeshi la mwaka 1905 na bunduki zake.

Swali la lugha linakuwa zito zaidi likihamishiwa mkoani Mara. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mwanafunzi anayekisoma kitabu cha Hussein mara nyingi anakuja darasani na Kikuria, Kingoreme, Kiikoma, Kinata au Kiisenye. Ni mkoa huohuo uliomtoa Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, aliyeitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Pana kinaya hapa. Mwaka uleule Kiswahili kilipompa Kinjeketile sauti, kilimpa sauti kwa mara ya pili Mrumi aliyekufa miaka elfu mbili nyuma, kupitia mikono ya mtu wa Mara. Historia ya Mara yenyewe haikupandishwa jukwaani.

Si kwamba haina mambo ya kuigizwa. Mstari wa mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwakata Wakuria vipande viwili, hata Wairege na Wanyabasi wakawa na ndugu katika nchi mbili. Kusini mwao Wajerumani walijenga boma huko Ikoma, mwanzoni mwa karne ya 20. Waikoma husimulia habari za Machaba, pembe za ndovu walizozipata kwa nabii wa Kitatoga, na masimulizi ya eneo zima hurudi tena na tena kwa mwindaji mwanamume aliyekutana na mwanamke mkulima. Mwaka 1951 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mahali palipokuwa na mahame na makaburi pakaitwa pori. Sehemu ya historia hizi iliandikwa na wenyeji wenyewe, na mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alizihariri na kuzichapisha pamoja. Ala nayo ipo: iritungu, zeze kubwa la Wakuria lenye nyuzi nane na sauti nzito ya chini, ambalo mpigaji wake husifu, hukejeli na hukumbusha ya kale. Anayetafuta opera ya kihistoria ya Tarime anapaswa kuanzia kwa mpigaji huyo, kwa kuwa kwake simulizi na wimbo havijawahi kutengana.

Hapa ndipo isimu inapoingia kazini. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maana. Kina mkazo unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi wa muziki anaweza kuinua na kushusha sauti apendavyo na neno likabaki lilelile. Kikuria kina irabu saba badala ya tano, na kina toni. Tena toni yake ni ya aina isiyo ya kawaida: katika vitenzi haitofautishi mzizi na mzizi, bali huonyesha njeo. Kutegemea njeo na hali, toni ya juu hutua kwenye mora ya kwanza ya shina, au ya pili, ya tatu, hata ya nne. Msemaji anahesabu bila kujua kwamba anahesabu. Sasa mtunzi akipandisha mahadhi kwenye mora ya pili ilhali sarufi inaidai ya nne, viambishi vya kitenzi vitasema jambo moja na mahadhi yatadokeza jingine. Katika wimbo wa mapenzi kasoro hiyo huenda ikasameheka. Katika wimbo wa historia, ambapo tofauti ya waliokuja jana, waliokwisha kuja na watakaokuja ndiyo kiini cha habari, haisameheki kwa urahisi. Mpigaji wa iritungu analimaliza tatizo hili kwa kuwa mahadhi yake hukua kutoka kwenye maneno. Mtunzi anayeanza na noti zilizoandikwa, kisha akaomba maneno ya kuzijaza, atakwama.

Kwa hoja hii mtu anaweza kusema: basi na iimbwe kwa Kiswahili, kama alivyofanya Hussein. Jibu hilo lina nguvu, na sheria inaliunga mkono. Masharti ya utangazaji ya Tanzania yamevitaka vituo vya redio na televisheni vitumie Kiswahili au Kiingereza, kwa nia ya kulinda umoja ambao *Kinjeketile* yenyewe iliuhubiri. Ng'ambo ya mpaka mambo ni mengine: Kenya imekuwa na redio za lugha za wenyeji tangu Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikikuyu mwaka 2000. Mchezo wa Kikuria unaweza kuchezwa uwanjani Tarime mjini bila kizuizi, lakini kituo cha Tanzania kikitaka kuurusha, lazima kwanza uwe mchezo mwingine.

Hussein mwenyewe hakuishia alipokuwa mwaka 1969. Mwaka 1988 alitoa *Kwenye Ukingo wa Thim*, tamthilia iliyotokana na kesi ya maziko iliyotikisa Kenya mwaka 1987. Neno *thim* si la Kiswahili. Ni la Kijaluo, lugha inayosemwa pia Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, nalo humaanisha nyika, mahali pasipo na watu. Lingeweza kutafsiriwa bila shida. Mwandishi aliliacha lilivyo, tena kwenye jalada, akamlazimu msomaji wa Kiswahili aulize maana yake kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kati ya njia mbili, ya kuwasemesha wote lugha moja na ya kuziachia lugha zote jukwaa lisilo na mkalimani, hii ni ya tatu, na ndiyo inayofaa zaidi kwa mtunzi wa Tarime au Mugumu: Kiswahili kibebe mazungumzo, na pale iritungu inapolia Kikuria kiachwe kiimbe kwa toni zake, hata kama sehemu ya hadhira italazimika kumwuliza jirani.