Klachi ya Land Rover ya zamani ni ya haidroliki, lakini USIWEKE mafuta ya haidroliki!

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Kuna kitu kidogo tu kilitaka kututoa roho mimi na abiria kumi na moja kwenye mteremko wa Kinole, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nimeona nikiandike kwa sababu najua hapo kafe ulipokaa, kuna wengi ambao mzee, babu au mjomba ana gari la zamani nyumbani, na sisi vijana ndio tunaotumwa dukani.

Mjomba wangu ana Land Rover 109 Series IIA ya mwaka 1968. Inapandisha watu kwenda milimani Uluguru na kushusha ndizi na mananasi kuja Morogoro mjini. Nilipomaliza fomu foo na matokeo yasiyo ya kujivunia, akanichukua niwe utingo wake.

Siku moja asubuhi pedali ya klachi ikawa laini. Gia ya kwanza haiingii mpaka upampu mara tatu. Mjomba akafungua boneti, akaona mafuta kwenye kikopo yamepungua. Akanipa hela, "Anko, kimbia kalete mafuta ya klachi."

Dukani nikajifanya mtaalamu. Nikamwambia muuzaji klachi yetu ni ya haidroliki, kwa hiyo anipe mafuta ya haidroliki. Jamaa hakuuliza gari gani. Akanipimia nusu lita ya mafuta mekundu kutoka kwenye dumu, yale ya pawa stelingi. Bei haikufika hata nusu ya chupa iliyofungwa. Nikamimina mwenyewe wakati mjomba anapanga abiria. Chenji nikaingia nayo kafe, na sikumwambia mtu.

Siku ya kwanza gari safi kabisa. Siku ya nne tunashuka na mzigo, pedali ikagoma kurudi, gia haitoki wala haiingii. Mara harufu ya kuungua, breki zinajishika zenyewe, usukani unavutia upande wa bonde. Mjomba akalilaza gari kwenye ukingo wa mlima, likasimama. Kina mama walishuka wanatetemeka, na mimi nilikuwa natetemeka kuliko wao.

Fundi alipofika kutoka mjini alichomoa mipira ya klachi, imevimba na kulegea kama mkate uliolowekwa kwenye chai. Akachota mafuta kidogo, akayadondoshea kwenye glasi ya maji. Yakaelea juu, mekundu. Akauliza, "Nani alinunua hii?" Ikabidi niseme.

KWA NINI ILITOKEA

Land Rover za mwanzo kabisa, Series I (1948 hadi 1958), klachi yake inavutwa kwa vyuma. Kuanzia Series II ndiyo ikaja ya mafuta. Ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndani ya masta ya juu. Mafuta hayabonyezeki, kwa hiyo yanapita kwenye bomba mpaka masta ya chini, pale penye gia boksi, na yenyewe inasukuma uma unaoachanisha klachi. Ni hayo tu.

Sasa, kinachozuia mafuta yasivuje kwenye zile pistoni ni vipete vya mpira. Na hapa ndipo siri yote ilipo: unachagua mafuta kwa kuangalia mpira. Mpira wa magari haya umetengenezwa kukaa na mafuta ya breki ya glaikoli. Ukikutana na mafuta yanayotokana na petroli (ya injini, ya gia, ya pawa stelingi, ya katapila) unayanywa, unavimba, unabana ndani ya silinda.

Na breki je? Kwenye IIA kama yetu, kikopo kimoja kinalisha klachi na breki pia. Nilidhani nimeongeza ya klachi, kumbe nimewekea sumu vyote viwili. Mipira ya masta ya breki ikivimba, inaziba kile kitundu cha kurudishia mafuta. Presha inabaki imefungiwa na breki zinashika bila kukanyagwa.

SASA UNUNUE NINI?

Mwambie muuzaji hivi: NATAKA MAFUTA YA BREKI. Ndiyo, kwa ajili ya klachi. Halafu soma chupa:

1. DOT 3. Ni ya glaikoli, yanafaa. Yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi.

2. DOT 4. Nayo ya glaikoli, yanachemka kuanzia nyuzi 230. Haya ndiyo tunayotumia sasa. Klachi haipati joto kama breki, lakini kwa milima na kikopo cha pamoja, bora haya. Ukiwa njiani ukakosa DOT 4, ongeza DOT 3, yanachanganyika bila shida.

3. DOT 5. HAPA KUWA MAKINI. Namba ni kubwa lakini haya ni ya silikoni, mara nyingi rangi ya zambarau. Wapo wenye magari ya maonyesho wanaoyapenda kwa sababu hayali rangi ya bodi. Lakini hayachanganywi na DOT 3 wala 4. Ukitaka kuhamia huko, unamwaga yote, unasafisha bomba zote na kuweka mipira mipya. Kwa gari la kazi sioni sababu.

4. DOT 5.1. Jina linafanana na la juu, ila haya ni ya glaikoli, ndugu wa DOT 4. Yanafaa ila bei imechangamka.

Yapo pia ya kijani yanayoitwa LHM, ya Citroën za zamani kama DS. Kuanzia miaka ya 1966 na 1967 Citroën walibadilisha mfumo wao na mipira yao ili vikae na mafuta hayo. Kule ukiweka ya breki ndiyo unaharibu! Kwa hiyo usiige gari la jirani, fuata lako.

JARIBIO LA GLASI

Kama hujui kilichomo kwenye chupa au kikopo, chukua glasi ya maji safi, dondoshea matone machache na ukoroge. Ya glaikoli yanapotelea kwenye maji. Yakielea kama mafuta ya kupikia, usiyatie kwenye Land Rover yako. Jaribio hili halikuambii ubora, linakuambia tu ni jamii ipi. Glasi hiyo usirudishe jikoni, mafuta haya ni sumu.

Kwa kuwa yanapenda maji hivyo, hata unyevu wa hewani yanaunyonya, na masta inaota kutu kwa ndani. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, funika mara moja, na ile iliyokaa wazi miezi usiitumie. Kila miaka miwili mwaga yote uweke mapya, kisha toa upepo. Yakidondokea rangi ya gari mwagia maji haraka, yanababua.

Na kama kikopo kinapungua mara kwa mara, hayanyweki hayo. Kuna sehemu inavuja. Mimi na mjomba tulianza na kuongeza, kumbe tulitakiwa tuanze na kutafuta.

UMESHAKOSEA TAYARI?

Usikanyage pedali, usiwashe gari, sema mapema. Kama hujakanyaga, fundi anaweza kuyanyonya yote kwenye kikopo na kuosha. Kama gari limeshatembea, hakuna njia ya mkato: mipira yote mipya pamoja na ile paipu ya mpira, na bomba zisafishwe kwa spiriti au mafuta ya breki mapya. Usioshe kwa petroli wala dizeli, utarudi palepale.

Sisi ilikuwa mipira ya klachi na ya breki magurudumu yote manne. Gari lilikaa wiki mbili chini, mananasi ya watu yakaoza, na mshahara wangu ukaenda na maji. Kilichoniuma zaidi ni kwamba siku zote nne nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza kwa ajili ya chenji.

Mjomba hakunifukuza. Bado ananituma dukani, ila siku hizi anaongeza maneno mawili: "Lete chupa yenyewe, na chenji."

Haya wadau, mwenye swali au aliyewahi kupatwa na kama haya, adondoshe hapo chini. Mafundi pia mnakaribishwa kunisahihisha.