Prioni na Shaba: Jina Moja, Vitu Viwili

Mwanafunzi anayetafsiri makala ya afya kutoka Kifaransa, akikutana na neno "prion", huvutwa kuandika "kijidudu". Katika toleo hili tunaeleza kwa nini tafsiri hiyo inapotosha.

Neno hilo lilibuniwa mwaka 1982 na Mmarekani Stanley Prusiner, kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya protini na maambukizi. Alikuwa akichunguza ugonjwa unaoharibu ubongo wa kondoo. Baadaye ilibainika kuwa protini hiyo imo hata katika ubongo wenye afya, na kwamba huleta ugonjwa pale tu inapojikunja vibaya. Kama mtoto aliyepewa jina la msiba, protini njema imebaki na jina la ugonjwa.

Je, ikiwa salama hufanya kazi gani? Sehemu ya jibu iko katika shaba, madini yale yale ya nyaya za umeme, ambayo mwili huyapata kwa kiasi kidogo katika maharage na maini. Seli za neva huhitaji shaba ili kuzalisha nishati. Lakini shaba ikizagaa ovyo husababisha kemikali zinazodhuru seli. Lazima iwe na wa kuishika.

Protini ya prioni imetia nanga upande wa nje wa utando wa seli. Ina kipande kinachojirudia, na marudio manne kati ya hayo hunasa shaba. Neva zinapopashana habari, shaba humwagwa mahali zinapokutana, na protini hii huweza kuidaka hapo. Mwaka 1998, Pauly na Harris walionyesha kuwa shaba ikiongezeka, protini huingia ndani ya seli. Wataalamu bado wanabishana: je, ni mchukuzi wa shaba, au ni mlinzi tu?

Kwa hiyo tunapendekeza: "protini ya prioni" kwa ile ya kawaida, na "prioni" kwa ile iliyojikunja vibaya. "Kijidudu" tuwaachie bakteria na virusi. Familia ya mgonjwa ikisoma "kijidudu" itatafuta antibiotiki, ilhali hakuna antibiotiki inayotibu ugonjwa huu. Tena mara nyingi huzuka wenyewe au hurithiwa, bila mtu kuambukizwa. Neno moja lisilo sahihi laweza kumpotezea mtu fedha na matumaini.