Safari ya Majitaka Mjini Kakamega: Sayansi, Sheria na Lugha

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, mjini Kakamega sehemu ya maji yanayomwagwa bafuni, jikoni na msalani huzolewa upya kwa mabomba na kusafishwa kabla ya kurudishwa mtoni. Makala haya yananuia kufafanua jinsi kazi hiyo inavyotendeka na nafasi ya Kiswahili katika kuifanikisha.

Njia inayotumika, mathalani Shirere, ni ya mabwawa. Kwanza, matambara na takataka nyingine hunaswa na vyuma vilivyopangwa mfano wa kichana. Kisha maji huingia katika bwawa lenye kina kirefu, aghalabu mita 2 hadi 5, lisilo na oksijeni. Humo tope hutuama na bakteria huanza kuozesha uchafu. Bwawa la pili huwa na kina cha mita 1 hadi 2. Mwani huota juu yake na, kwa nguvu za jua, hutoa oksijeni inayotumiwa na bakteria wengine kumalizia uozeshaji. Hatimaye maji hupita katika mabwawa ya kina kifupi, ambamo miale ya jua huua vijidudu vya maradhi.

Ni dhahiri basi kwamba mtambo mkuu hapa ni jua, na mafuta yake ni muda. Maji yasipokaa siku za kutosha, vijidudu hutoka vikiwa hai. Tope nalo lisipoondolewa kila baada ya miaka kadhaa, hujaza bwawa na kuupunguza muda huo.

Sheria haikunyamaza. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliagiza kwamba maji yanayoachiliwa katika mazingira yasiwe na uchafu unaohitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita, kwa kipimo cha siku 5. Agizo hili lina uzito, kwani Mto Isiukhu unaopita karibu na mji huu hujiunga na Mto Nzoia, nao Nzoia huishia Ziwa Victoria. Kosa la mjini huteremka hadi kwenye mtungi wa mwanakijiji.

Lugha inahusikaje? Nchini Tanzania, mamlaka husika hutumia istilahi mbili bayana: majisafi na majitaka. Nchini Kenya, wengi husema maji machafu, wakijumuisha hata maji ya mvua yaliyochanganyika na matope. Mwenye nyumba asiyetofautisha haya mawili anaweza kuelekeza mfereji wa paa lake katika bomba la majitaka. Katika mji wenye mvua nyingi kama Kakamega, mafuriko hayo husukuma majitaka nje ya mabwawa kabla jua halijamaliza kazi yake. Hivyo basi, utata wa neno huzaa utata wa afya.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya viwango vinavyofaa vya usafi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivi viwili vinakutana kwenye tangazo linalobandikwa mtaani. Likiandikwa kwa istilahi sahihi na nyepesi, mkazi atajua bomba gani ni la nini. Kazi ya kuziandaa istilahi hizo na kuzieneza ni ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.