Ghana: safari inayopangwa na maji

Aliyejifunza kuogelea Nungwi, Diani au Bagamoyo ameizoea bahari yenye adabu zake. Maji hujaa na kupwa kwa saa zinazojulikana. Siku za bamvua hushuka kiasi cha mita nne, na wavua pweza huenda kwa miguu mpaka mwambani. Mawimbi makubwa huvunjikia huko nje, kwenye matumbawe, na yanayofika ufukweni ni masalia tu. Mtu huyohuyo akiingia majini kwa mazoea ya kwao pale Busua, Cape Coast au Labadi, nchini Ghana, anaweza kuchukuliwa na bahari akiwa katika kina kinachomfika kiunoni.

Anayekwenda Ghana kutafuta safari za nje ya mji na aanze hapo. Nchi hiyo haina mlima wa kutisha: Afadja, unaohesabiwa miongoni mwa vilele vyake virefu kabisa, una mita 885, haufikii hata sehemu moja ya sita ya Kilimanjaro. Raha na hatari zake ziko majini: katika bahari isiyo na mwamba, ziwa lililofunika msitu, na mvua zinazoamua ni njia ipi ipitike na ipi isipitike.

Bahari isiyo na kinga

Pwani ya Ghana ina urefu wa kilomita 550 hivi na inatazama kusini, kwenye maji matupu yanayoendelea hadi karibu na Antaktika. Huko kusini dhoruba huvuma juu ya maelfu ya kilomita za bahari bila kukutana na nchi kavu. Mawimbi zinayoyazaa husafiri siku kadhaa hadi Ghuba ya Guinea. Katika kilindi hayatambuliki kwa urahisi, kwani ni migongo mipana inayofuatana kwa sekunde kumi au zaidi. Yakifika penye kina kifupi, sehemu ya chini hupunguzwa mwendo na sakafu ya bahari huku ya juu ikiendelea mbele, ndipo wimbi linapoinuka na kupinduka.

Kwetu mwamba ndio unaolipokea pigo hilo. Ghana haina miamba ya matumbawe, kwa sababu matumbawe yanataka maji maangavu na yenye joto mwaka mzima. Pale, mito humwaga tope baharini, na kila Julai hadi Septemba maji baridi hupanda kutoka vilindini. Maji hayo yana rutuba nyingi, ndiyo maana miezi hiyo wavuvi hujaza nyavu kwa sardinela, samaki wa jamii ya dagaa papa. Baridi inayomleta samaki ndiyo inayolikataa tumbawe, na pasipo tumbawe wimbi linatua mchangani kwa nguvu zake zote.

Maji yaliyorushwa ufukweni hayana budi kurudi. Hukusanyika, hutafuta upenyo kati ya mafungu ya mchanga, kisha hutoka kuelekea baharini kwa mkondo mwembamba wenye kasi inayoweza kumshinda muogeleaji hodari. Udanganyifu uko hapa: ndani ya upenyo huo kina ni kirefu zaidi, hivyo mawimbi hayavunjiki. Mgeni huona pande mbili zinachafuka na katikati pametulia, akapachagua papo hapo pa katikati kuwa pa kuogelea. Tazama kwanza kwa dakika kumi ukiwa umesimama mahali palipoinuka. Ukiona ukanda wenye rangi ya mchanga, au povu linalokwenda nje badala ya kuja ufukweni, huo ni mkondo.

Ukishikwa, usishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Wengi wanaozama wamezamishwa na uchovu, kwa maana mkondo haumvuti mtu chini, humpeleka nje tu. Elea, inua mkono kuomba msaada, kisha ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ukanda huo. Hapo mawimbi yenyewe yatakusaidia kurudi.

Wanaoisoma bahari

Walimu wa somo hili wapo ufukweni kila alfajiri. Wavuvi wa Kifante hutumia mitumbwi mirefu iliyochongwa kwa gogo moja la mti wa wawa na kuongezwa mbao kandoni. Kabla ya kusukuma chombo, hutulia wakaangalia. Mawimbi huja kwa makundi, makubwa kadhaa yakifuatana, halafu utulivu mfupi, na katika utulivu huo ndipo wanapopiga makasia au kuwasha injini. Ukitaka kujua mahali salama pa kuoga, waulize hao kabla ya kuuliza hotelini. Ukitaka kupanda mtumbwi, usiombe Jumanne, kwani katika vijiji vingi vya Wafante na Waga siku hiyo bahari hupumzishwa na nyavu hushonwa.

Ustadi huo uliwahi kubeba uchumi wa nchi nzima. Kabla ya bandari ya Takoradi kufunguliwa mwaka 1928, meli zilitia nanga mbali na ufukwe, na kila gunia la kakao na kila abiria alivushwa kwa mitumbwi katikati ya mawimbi. Accra iliendelea hivyo hadi bandari ya Tema ilipoanza kazi mwaka 1962. Katika karne za biashara ya utumwa, mateka waliofungwa katika ngome za Elmina na Cape Coast walipitishwa kwenye mawimbi hayohayo kupelekwa melini. Anayezuru ngome hizo na atazame pia maji yaliyo mbele yake.

Mawimbi haya ndiyo yanayowaleta wapenzi wa mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Busua, upande wa magharibi, panamfaa anayeanza: ghuba imejikunja, kisiwa kidogo cha Abokwa kinapunguza nguvu ya bahari, na chini ni mchanga. Mawimbi huwa makubwa zaidi kati ya Mei na Septemba, wakati wa baridi ya kusini mwa dunia. Mwanafunzi asione haya kungoja miezi mingine.

Ziwa juu ya msitu

Bwawa la Akosombo lilipokamilika mwaka 1965, mto Volta ulirudi nyuma ukafunika zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Watu wapatao 80,000 walihamishwa. Sehemu kubwa ya miti iliachwa imesimama, na hadi leo visiki vyake vimo majini. Vyombo vingi vimepasuliwa navyo.

Kiwango cha ziwa hubadilika kwa majira. Hujaa kabisa mwezi Oktoba na Novemba, baada ya mvua za kaskazini, halafu hushuka polepole hadi katikati ya mwaka. Kisiki kilichokuwa ndani kabisa ya maji mwezi Novemba kinaweza kuwa shubiri moja chini ya uso wa maji mwezi Juni, hakionekani na kiko tayari kutoboa. Panda chombo kinachoongozwa na mtu anayeijua njia hiyo katika mwezi huo, safiri mchana, na vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama abiria wengine wanakucheka. Anayetaka kupiga kasia atafute sehemu ya mto iliyo chini ya Akosombo, ambako hakuna msitu uliozama.

Hatari ya pili ni ndogo kuliko punje ya mchele. Mto ulipotulizwa, magugu yaliota, konokono wakazaliana, na kichocho kikaenea katika vijiji vya kandokando. Wakazi wa Mwanza na Kisumu hawahitaji kusimuliwa ugonjwa huu. Vijidudu hutoka kwa konokono zaidi nyakati za jua kali na kupenya ngozi kwa dakika chache. Epuka kuoga kwenye magugu na maji yaliyotuama. Kama uliingia, pima wiki sita hadi nane baada ya kurudi, kwani ukipima mapema majibu yanaweza kukudanganya. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana.

Juu ya miti na chini ya maporomoko

Kakum, kaskazini ya Cape Coast, ni msitu wa mvua wenye madaraja saba ya kamba yaliyotundikwa hadi mita 40 juu ya ardhi. Yalifunguliwa mwaka 1995 na yana urefu wa mita 350 kwa jumla. Maana yake ni zaidi ya kutetemesha magoti. Katika msitu wa namna hii mwanga huishia juu, hivyo maua, matunda, na ndege na nyani wanaoyafuata wako huko. Aliyezoea Serengeti asitegemee makundi ya wanyama. Aende asubuhi mapema kabla ya vikundi vya wanafunzi, anyamaze, na asikilize.

Mashariki, karibu na mpaka wa Togo, maporomoko ya Wli huanguka kwenye ukuta wa mwamba unaokaliwa na maelfu ya popo. Njia ya chini ni rahisi na inavuka kijito mara nyingi. Ile ya maporomoko ya juu ni mkweo mkali unaoteleza baada ya mvua. Chukua kiongozi wa kijijini.

Uende mwezi gani

Kusini mwa Ghana hunyesha mara mbili: Aprili hadi Julai, na tena Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba. Kaskazini hunyesha msimu mmoja tu. Desemba hadi Februari huvuma harmatani, upepo mkavu wenye vumbi la Sahara. Njia hukauka vizuri, lakini mandhari ya kileleni hufunikwa na ukungu wa vumbi.

Matakwa ya msafiri hugongana hapa. Tembo wa hifadhi ya Mole, kaskazini, huonekana vizuri Januari hadi Aprili, maji yanapobaki kwenye mabwawa machache, nawe unaweza kuwafuata kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki. Miezi hiyohiyo Wli imepungua maji. Kwa upande wa afya hakuna cha kuchagua: cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na malaria iko mwaka mzima. Hasa aliyekulia Nairobi au Arusha asijidanganye kwamba Uafrika ni kinga.

Mwenye nafasi ya safari moja tu ningempa nusu ya pili ya Novemba. Mvua za kusini zimekwisha na maporomoko bado yana nguvu. Ziwa limejaa juu ya visiki, bahari imepunguza ukali wa katikati ya mwaka, vumbi halijafika, na huko Ada, Volta unapoingia baharini, kasa wanapanda kutaga. Atawakosa tembo wa Mole wakiwa wamekusanyika, na hao ni sababu ya kutosha ya kurudi Februari.