Kijidudu cha Kitunguu na Mapafu ya Mwanadamu

Kila mpishi amepata kukata kitunguu akakuta tabaka mojawapo limeoza na kutoa harufu ya uchachu. Mwaka 1950, Walter Burkholder wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza bakteria asababishaye uozo wa namna hiyo, akampa jina la cepacia, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitunguu. Siku hizi bakteria huyo huitwa Burkholderia cepacia, na jamaa zake wa karibu waliotambuliwa ni zaidi ya 20. Makazi yao ni udongo, maji na mimea, na mtu mwenye afya njema aweza kuwagusa asidhurike. Je, imekuwaje basi kijidudu cha shambani kikaogopwa hospitalini?

Jibu limo katika mapafu. Kuta za njia zetu za hewa zimefunikwa kwa ute mwembamba unaonasa vumbi na vijidudu. Vijinyweleo vidogo mno huusukuma ute huo kuelekea kooni, mithili ya ufagio uwanjani. Kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki fibrosisi, kazi hiyo hukwama. Jeni yenye kasoro, iliyotambuliwa mwaka 1989, huzuia ioni za kloridi kupita vema katika seli. Maji hupungua, na ute huwa mzito na wa kunata. Bakteria walionaswa humo hubaki na kuzaana. Ugonjwa huu, ambao huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, humpata mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia.

Katika hospitali moja ya Toronto, Kanada, asilimia 10 ya wagonjwa hao walikuwa na bakteria wa kitunguu mwaka 1971. Kufikia 1981 walikuwa asilimia 18. Taarifa ya madaktari ya mwaka 1984 ilieleza jambo la kutisha. Baadhi ya wagonjwa, hata wale ambao hali yao haikuwa mbaya, walishikwa na homa kali, mapafu yakaharibika upesi, wakafa. Dawa nyingi hazikufua dafu. Tayari mwaka 1979 ilikuwa imeonyeshwa kwamba bakteria huyu aweza kuitumia penisilini kuwa chakula chake.

Mwaka 1993, uchunguzi uliofanywa Edinburgh na Manchester, Uingereza, ulionyesha kwamba bakteria hao huambukizwa baina ya wagonjwa wanapokaa pamoja. Hapo kabla, vijana wenye ugonjwa huu walikutana katika makambi ya likizo, wakacheza na kufarijiana. Makambi hayo yakakomeshwa. Hata leo hushauriwa wakae umbali wa mita 2 au zaidi kila mmoja na mwenzake. Maambukizo yalipungua, lakini kwa gharama kubwa: wale waelewanao kuliko watu wote ndio waliokatazwa kukaribiana.

Tangu mwaka 2012 zimepatikana dawa za kusaidia protini yenye kasoro kufanya kazi yake, na wagonjwa wengi wamepata nafuu. Hata hivyo, tahadhari ingalipo.

Mwanafunzi wa biolojia na azingatie somo hili: tusiulize tu kama kijidudu fulani ni cha hatari; tuulize pia ni cha hatari kwa nani, na katika mazingira gani.